Bangi ya nje inaanza kutoa maua lini? Hesabu usiku, achana na kalenda

Hili swali linarudi kila msimu na majibu huwa yaleyale, mmoja anasema mwezi wa nane, mwingine mwezi wa pili, mwingine anakwambia subiri miezi mitatu toka kupanda halafu utaona, na kila mmoja ana uhakika wake. Na kiukweli wote wanaweza kuwa sahihi kwa pale walipo, shida ni kwamba anayeuliza yuko kwingine kabisa, ana mbegu nyingine, amepanda tarehe nyingine. Kwa hiyo hapa sikupi mwezi, nakupa namna ya kujihesabia mwenyewe kwa mahali ulipo na mbegu uliyonayo, halafu tuone jinsi ya kuusoma mmea wenyewe, maana mmea ndo mwenye neno la mwisho.

Kabla hatujaenda mbali, suala la sheria, na hili naliweka mbele makusudi. Kupanda bangi ni kosa la jinai kwenye nchi nyingi, na kuna sehemu adhabu yake ni miaka mingi jela. Kuna nchi zimeruhusu mtu mzima kuwa na miche michache nyumbani, mfano Uruguay tangu 2013 ni miche 6 kwa kaya, Kanada 2018 miche 4 kwa kaya, Ujerumani kuanzia Aprili 2024 miche 3 kwa mtu mzima. Kuna kwingine kunaruhusiwa bangi ya viwandani tu, hii wanayoiita hempu, tena kwa leseni. Kwa hiyo jua kwanza sheria ya pale ulipo inasemaje, kama hairuhusu basi usipande, hii makala isome kama elimu ya mimea tu, inatosha na ina mengi ya kujifunza. Nchi zinazoruhusu nazo zina masharti yake, idadi ya miche, uzio, watoto wasifikie, hayo yasome neno kwa neno.

Haya sasa tuingie kwenyewe.

Mmea wa bangi ni mmea wa siku fupi. Maana yake unakua majani na matawi wakati mchana ni mrefu, usiku ukianza kurefuka ndo unapata ishara kwamba msimu unaisha, uanze kutoa maua na mbegu. Watu wengi wanasema "mchana ukipungua" na mimi mwenyewe nasema hivyo mara nyingi kwa sababu ya mazoea, lakini kinachopimwa na mmea ni urefu wa giza lisilokatishwa. Kuna majaribio ya zamani, ya Hamner na Bonner mwaka 1938 kwenye mmea mwingine wa siku fupi, walikuta kwamba ukiukatishia mmea usiku kwa mwanga wa muda mfupi tu unashindwa kutoa maua, ila ukikatisha mchana kwa giza la muda mfupi haisumbui chochote. Ndani ya majani kuna kitu kinaitwa fitokromu, ni kama swichi inayobadilika kwa mwanga mwekundu, mchana inakuwa upande mmoja, giza likiingia inarudi taratibu upande wa pili, na giza likiwa refu vya kutosha siku kadhaa mfululizo mmea unabadilisha mpango mzima wa ukuaji.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, bangi ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa iliyofanya wanasayansi washtukie habari ya urefu wa siku. Mfaransa Julien Tournois aliliona hili kwenye bangi na hopu (mmea unaotumika kutengeneza bia), akachapisha mwaka 1912, akafa vitani 1914 kabla hajafika mbali. Miaka michache baadaye, 1920, Garner na Allard kule Marekani wakaja na maelezo kamili kwa kutumia tumbaku na soya, na hao ndo waliopata sifa. Kwa hiyo tunachofanya hapa cha kuhesabu masaa kina zaidi ya miaka mia moja, siyo mambo ya kubahatisha.

Sasa ni masaa mangapi? Kwa mbegu nyingi za kawaida maua yanaanza pale mchana unaposhuka kati ya masaa 14 na nusu na masaa 13, yaani usiku umefika masaa 9 na nusu mpaka 11. Ile namba ya 12 kwa 12 (masaa 12 ya mwanga, 12 ya giza) unayoisikia kila mahali imetoka kwa wanaopanda ndani kwenye taa, wao wanatumia 12 kwa sababu ni salama, hakuna mbegu ya kawaida itakayokataa. Nje huku mmea hausubiri mpaka 12, ukisubiri wewe utashangaa umeshaanza kitambo. Na kila mbegu ina kiwango chake, zile zilizotokea maeneo ya kaskazini sana zinaanza mapema mchana ukiwa bado mrefu, zile za karibu na ikweta zinachelewa, tofauti ya dakika 15 au 20 tu kwenye kiwango inaweza kusogeza maua kwa wiki nzima au zaidi.

Ukishaelewa hapo, kazi inayobaki ni kujua ulipo mchana una urefu gani na unapungua lini. Usihangaike na majedwali, fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, angalia jua linachomoza saa ngapi na linazama saa ngapi. Mfano jua linachomoza saa 12 na dakika 2 asubuhi na linazama saa 2 na dakika 2 usiku, hapo mchana ni masaa 14 kamili. Fanya hivyo kwa tarehe ya leo, kwa tarehe 1 ya kila mwezi unaofuata, andika pembeni. Ndani ya dakika tano una ramani ya msimu wako wote na hakuna mtu mtandaoni anayeweza kukupa bora zaidi ya hiyo. Kumbuka tu kwamba ule mwanga wa alfajiri kabla jua halijatoka na ule wa jioni baada ya kuzama mmea nao unauhisi, kwa hiyo usiku wa mmea ni mfupi kidogo kuliko unaousoma kwenye simu, na ukiwa mbali na ikweta huo mwanga wa jioni unakaa muda mrefu zaidi.

Nikupe picha kwa latitudo, yaani digrii za umbali toka ikweta, ili uone kwa nini majibu ya watu yanagongana. Ukiwa kwenye digrii 50 kaskazini, siku ndefu kuliko zote, mwishoni mwa Juni, ina masaa 16 na dakika 20 hivi, na mchana unashuka mpaka 14 karibu na tarehe 24 Agosti. Ukiwa digrii 40, siku ndefu ni masaa 15, na unafika 14 karibu na tarehe 8 Agosti. Sasa shuka mpaka digrii 30, huko siku ndefu kuliko zote ni masaa 14 na dakika 5 tu, yaani mmea unakaa karibu na kiwango cha kuanza maua msimu mzima, mbegu za kaskazini zinaweza kuanza maua hata katikati ya kiangazi wakati mwenye shamba anafikiri bado ana miezi miwili ya kukuza. Digrii 20, kilele ni kama masaa 13 na dakika 20. Digrii 10, masaa 12 na dakika 43. Kwenye ikweta ni masaa 12 na dakika 7 mwaka mzima, haipandi wala haishuki.

Kwa walioko kizio cha kusini geuza tu miezi, siku ndefu ni mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo Agosti ya kule kwako ni Februari, anayevuna mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba kule wewe unavuna mwishoni mwa Machi mpaka Aprili hivi. Nimeona watu wanafuata ratiba ya kizio kingine neno kwa neno halafu wanalaumu mbegu, mbegu haina kosa.

Kitu kingine kwenye hesabu, kasi ya kupungua. Karibu na siku ndefu kuliko zote mchana unakaa palepale, unapungua kwa sekunde. Ukifika Agosti kwenye digrii 40 unapoteza zaidi ya dakika 2 kila siku, karibu dakika 15 mpaka 17 kwa wiki, na ukipanda juu zaidi kaskazini kasi inaongezeka. Ndo maana kule juu miche ya mbegu tofauti inaanza maua kwa kukaribiana kidogo, na sehemu za chini mmoja anaanza leo mwingine wiki nne mbele japo vimepandwa siku moja bega kwa bega.

Walioko karibu na ikweta, hii ni yenu

Huku ndo kuna maswali mengi na miongozo mingi haiwagusi kabisa. Kama mchana wako ni masaa 12 na kitu mwaka mzima basi usiku wako kila siku ni mrefu wa kutosha kwa maua. Mmea hausubiri msimu, unasubiri kukomaa tu. Mche mchanga una kipindi cha utoto ambacho hata ukipewa giza la masaa 12 hauwezi kutoa maua, ukishapita hapo unaanza. Mbegu za kaskazini zikipandwa ikweta zinafanya haraka sana, wiki ya tano au ya sita unaona maua kwenye mche wa kimo cha goti, mtu anadhani umeugua. Haujaugua, unafanya ulichozaliwa kufanya kwenye usiku mrefu.

Mbegu za asili za ukanda huo zenyewe zimeshazoea. Zina utoto mrefu, zinaendelea kurefuka hata baada ya kuanza maua, na maua yenyewe yanachukua wiki 12 mpaka 16, zinakwenda taratibu. Kwa hiyo kama uko ukanda huo na unataka mmea wenye umbo, chagua mbegu ya ukanda huo. Kuna wanaotumia njia ya wakulima wa maua ya krisanthemamu, wanawasha taa katikati ya usiku kukatisha giza mpaka mmea ufike kimo wanachotaka halafu wanazima. Inafanya kazi vizuri tu, ila lazima iwe kila usiku bila kuruka, ukiwasha leo ukaacha kesho na kesho kutwa unauchanganya mmea na utaona matokeo yake.

Halafu kwenye ikweta unachopanga siyo mwanga, unachopanga ni mvua. Maua yakiangukia katikati ya mvua kubwa yataoza, kwa hiyo anza na tarehe ya kiangazi kwako, rudi nyuma wiki za maua, rudi tena nyuma wiki za kukua, hapo ndo siku ya kupanda.

Kuusoma mmea

Hesabu imekwambia wakati unakaribia. Sasa nenda kwenye mmea wenyewe na uangalie kwa utulivu, ikibidi tumia kamera ya simu ukiivuta karibu.

Ishara ya kwanza wengi hawaioni kabisa. Mche mchanga majani yake yanatoka mawili mawili yanatazamana, moja kushoto moja kulia kwenye kifundo kimoja cha shina. Ukianza kukomaa, vifundo vya juu vinaacha mpango huo, jani moja linatoka upande huu, linalofuata linatoka juu kidogo upande ule, kama ngazi ya kupishana. Ukiona hivyo jua utoto umeisha, mmea una uwezo wa kutoa maua, unasubiri giza tu.

Ya pili ni maua ya awali. Hapa nenda kwenye kifundo, pale ambapo kikonyo cha jani kinaungana na shina kuu, angalia theluthi ya juu ya mmea siyo chini kabisa. Utaona vijani viwili vyembamba vya kijani vyenye ncha kali vimesimama, hivyo siyo maua, vipo siku zote. Nyuma ya hivyo ndo kuna kitu. Kama ni jike utaona kifuko kidogo chenye umbo la tone la maji kimechongoka juu, na kwenye ncha yake zinatoka nyuzi mbili nyeupe kama herufi V, mwanzo zinaweza kuwa za kijani hafifu au hata pinki kidogo. Kama ni dume utaona kitumba cha duara kimekaa kwenye kikonyo chake kifupi, hakina unyuzi wowote, na baada ya siku chache vinakuwa viwili, vitatu, kichala. Kile kikonyo ndo kitambulisho kizuri, kifuko cha jike kinakaa karibu kabisa na shina, kitumba cha dume kinaning'inia kwenye kijiti. Ukiwa na wasiwasi usikate, ngoja siku tatu nne, kitu chenyewe kitajieleza.

Sasa sikiliza hapa maana ndo panapowachanganya watu wengi kuliko pote. Haya maua ya awali hayamaanishi kwamba maua yameanza. Yanatoka kwa sababu ya umri, wiki ya nne mpaka ya sita hivi toka kuota, hata mchana ukiwa mrefu kabisa. Yanatoka moja au mawili kwenye kifundo halafu yanakaa hivyohivyo wiki na wiki. Mtu anayaona mwezi wa sita anaanza kuhesabu wiki nane za kuvuna, wiki nane zinafika mmea uko vilevile una majani tu, anachanganyikiwa. Faida ya maua ya awali ni kujua jinsia, basi.

Maua ya kweli yanajulikana kwenye ncha. Angalia kilele cha shina kuu na vilele vya matawi ya juu. Majani mapya yanakuwa membamba na madogo, vidole vya jani vinapungua kutoka saba au tisa mpaka vitano, vitatu, umbali kati ya kifundo na kifundo unafupika mpaka ncha inaonekana imesongamana, rangi ya pale katikati inakuwa ya kijani cha kung'aa kuliko sehemu nyingine, na nyuzi nyeupe zinaanza kutoka nyingi kwa pamoja badala ya mbili mbili. Ukiona kishada kidogo cha nyuzi nyeupe kwenye karibu kila ncha ya juu, andika hiyo tarehe. Hiyo ndo siku ya kwanza ya maua na hesabu zako zote zianzie hapo. Kwa kawaida inakuja wiki moja mpaka tatu baada ya mchana kuvuka kiwango cha mbegu yako, kwa sababu nje mabadiliko ni ya taratibu tofauti na ndani ambako taa inakatwa siku moja.

Katikati ya hapo mmea unaruka. Wiki mbili tatu za mwanzo wa maua ndo unarefuka kwa kasi kuliko wakati wowote, unaweza kufika mara mbili ya kimo ulichokuwa nacho, na mbegu za asili za ikweta hata zaidi ya hapo. Kwa hiyo miti ya kuegemeza, kamba, wavu, viweke kabla, mizizi ikishatulia, siyo siku upepo umeshavunja tawi.

Madume huwa yanaonyesha mapema kuliko majike, wiki moja mbili mbele. Kama unapanda kwa ajili ya mbegu au nyuzi hayo ni ya kawaida, kama unataka majike yasiyo na mbegu basi kipindi hiki pita kila mmea kila siku mbili tatu, kifundo kwa kifundo, na dume unaliondoa kabla vitumba havijafunguka. Chavua yake ni nyepesi, inasafiri na upepo kilomita kadhaa, ndo maana wakulima wa mbegu za hempu wanatenganisha mashamba kwa kilomita nyingi. Ukiwa jirani na shamba la hempu lenye madume, huna la kufanya, mbegu utapata tu.

Otoflawa, yaani mbegu zinazotoa maua kwa umri tu, zenyewe haziko kwenye habari hii. Hizi zimechanganywa na ukoo wa ruderalis, mmea wa maeneo ya baridi yenye kiangazi kifupi ambao Janischewsky aliuandika mwaka 1924, na hazijali giza. Zinaanza maua wiki ya tatu mpaka ya tano toka kuota popote ulipo, iwe Juni au Desemba. Kama hujui mbegu yako ni ya aina gani na imeanza maua kweli (siyo ya awali) kwenye siku ndefu kabisa za mwaka mbali na ikweta, uwezekano mkubwa ni otoflawa.

Vitu vinavyovuruga ratiba

Taa. Hiki ndo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Taa ya barabarani, taa ya ulinzi ya jirani inayowaka paka akipita, dirisha la jikoni linalomulika bustani mpaka saa sita usiku. Utaona mmea umeanza maua upande mmoja na upande unaomulikwa bado ni majani matupu, au umeanza halafu umesita, au unatoa vitumba vya kiume katikati ya maua ya kike kwa sababu ya msongo. Nenda usiku pale mmea ulipo, simama usawa wa ncha zake, kama unaweza kusoma maandishi ya kawaida kwenye karatasi basi hapo pana mwanga wa kutosha kuleta shida. Mbalamwezi usiihofie, hata ukiwa mpevu ni hafifu mno, mimea imeishi nao miaka yote. Kama huwezi kuzima taa, weka kizuizi kati ya taa na mmea, au hamisha kama uko kwenye chungu.

Cha pili, kutoa miche nje mapema. Mtu anaotesha ndani chini ya taa ya masaa 18, halafu mwezi wa nne anaitoa nje kwenye digrii 40 ambako mchana wa tarehe 15 Aprili ni masaa 13 na robo tu. Kwa mmea huo ni kama umeruka kutoka kiangazi mpaka vuli kwa siku moja, unaanza maua. Halafu Mei na Juni siku zinarefuka, unarudi kwenye majani, na hapo ndo unaona yale majani ya ajabu yenye kidole kimoja, yaliyojikunja, matawi yanatoka katikati ya maua. Utapona lakini umepoteza wiki nyingi. Dawa ni kusubiri mpaka mchana wako upite masaa 14, au ile taa ya ndani uipunguze taratibu kwa wiki mbili tatu mpaka ilingane na nje.

Ukichelewa sana kupanda nayo ni shida ya upande mwingine, mche wa wiki tano ukikutana na usiku mrefu utatoa maua hivyohivyo ukiwa mdogo, na hautakua tena zaidi ya ile kuruka ya wiki mbili tatu.

Vipandikizi vilivyokatwa kwenye mama aliyekomaa havina utoto. Vina umri wa mama yao. Kikishika mizizi leo na usiku ni mrefu, kinaanza maua leo, kwa hiyo usikihesabie kama mche wa mbegu.

Baridi, ukame na njaa vinasogeza mambo kidogo, lakini kwa mbegu za kawaida havianzishi maua peke yake. Yule anayekwambia mnyime maji utoe maua haraka anakuharibia mmea.

Ukishaona maua yameanza

Acha kukata vilele, kazi hiyo iwe imeisha kama wiki mbili kabla. Acha kuhamisha chungu kwa chungu. Kwenye mbolea, ile ya kukuza majani yenye naitrojeni nyingi ipunguze, usiikate ghafla kwa sababu wakati wa kuruka mmea bado unaihitaji, majani ya chini yakigeuka njano yote wiki ya pili umekata mapema mno. Hizo mbolea za fosforasi nyingi zinazouzwa kwa jina la kuongeza maua sizipendi, nyingi zinakuwa zaidi ya mahitaji ya mmea na ziada inabaki kwenye udongo. Udongo wenye mboji nzuri na potasiamu ya kutosha unatosha.

Punguza majani ya ndani yaliyosongamana, yale yasiyopata jua, ili upepo upite. Ukungu wa kijivu unapenda maua mazito yenye unyevu, na unaanzia ndani karibu na kijiti ambako huoni, kinachokuonyesha ni jani moja dogo katikati ya ua lililokauka ghafla wakati mengine yote ni kijani. Ukivuta hilo jani likang'oka bila kushika, fungua ua uangalie ndani. Ukikuta rangi ya kahawia na vumbi la kijivu, kata chini kabisa ya palipooza, weka kwenye mfuko, peleka mbali, usilitikise pale juu ya mengine. Mwagilia chini kwenye udongo asubuhi, siyo juu ya mmea jioni.

Sasa chukua ile tarehe uliyoandika. Mbegu za haraka zinahitaji wiki 7 mpaka 9 toka hapo, za kati 9 mpaka 11, za ikweta nimeshasema. Weka mbele, angalia unaangukia wapi. Ukiangukia kwenye mvua ndefu au baridi kali ya kuua mimea, una wiki kadhaa za kuandaa paa la plastiki jeupe juu yake, na msimu ujao unachagua mbegu inayoanza mapema au unaifunika mapema mwenyewe, yaani kila jioni unafunika kwa turubai nyeusi isiyopitisha mwanga mpaka giza lifike masaa 12, kila siku bila kuruka, mpaka usiku wa kawaida uwe umefika wenyewe. Funika jua likishapungua makali, na uache sehemu ya hewa chini, vinginevyo unyevu unajaa humo na ule ukungu unapata nyumba.

Kwa wakulima wa hempu hiyo tarehe ni ya muhimu kuliko kwa mtu yeyote, kwa sababu kiasi cha THC (kemikali ya bangi inayolevya) kinapanda kadiri maua yanavyokomaa na sheria ina kikomo chake. Marekani na Umoja wa Ulaya kikomo ni asilimia 0.3, na Marekani sampuli inatakiwa ichukuliwe ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna. Ukijua siku maua yalipoanza unajua lini uombe mkaguzi, ukikisia unaweza kukuta shamba zima limevuka mstari na linaamriwa kuharibiwa. Kwa hiyo tembea shamba lote, andika tarehe kwa kila kipande, maana kipande cha kivulini na kile cha karibu na taa ya barabara havitaanza pamoja na vingine, na sampuli ikija kuchukuliwa kwenye kipande kilichotangulia ndo majibu yatakayohesabika kwa kipande hicho.